Chakula Chako Kimepita Wapi Kabla ya Kufika Sahanini?

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita mbele ya wazazi na vikundi vya akina mama katika ukumbi wa shule ya msingi, mtaa wa Nyalenda, Kisumu. Wengi waliokuwa sokoni siku hiyo waliomba niiandike yote. Nimeiacha ilivyosemwa, ila picha tulizotazama ukutani sikuziweka.

Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mwalimu mkuu, walimu, wahudumu wa afya ya jamii, mama zangu na baba zangu, hamjambo? Asanteni kwa kunialika. Najua Jumamosi ni siku ya biashara, na kuna mama hapa aliyefunga kibanda chake ili aje kunisikiliza. Hilo silichukulii kuwa jambo dogo.

Mimi ni afisa wa lishe. Popote niendapo, iwe kliniki, kanisani, hata ndani ya matatu ya kutoka Kondele, watu huniuliza swali lile lile: chakula gani ni kizuri, na kipi ni kibaya? Je, ugali unaleta ugonjwa wa sukari? Je, mayai yanaziba mishipa? Na hizi mbegu za chia wanazouza supamaketi, zina nini hasa? Watu wanataka orodha mbili, moja ya kula na nyingine ya kuacha.

Orodha sitawapa. Nitawapa maswali matatu, muyabebe mwendapo sokoni Kibuye, muyabebe dukani, muyabebe hadi jikoni. La kwanza: hiki chakula kimetolewa nini? La pili: kimeongezwa nini? La tatu: nitakila pamoja na nini? Jina la chakula pekee halitoshi kukwambia ukweli. Mahindi ni mahindi, sivyo? Lakini mahindi ya kuchoma, githeri, unga mweupe wa pakiti, na zile krips za watoto zenye rangi ya chungwa, vyote vimetoka katika gunzi lile lile, na mwili unavipokea kwa njia tofauti kabisa.

Basi tuanze na hayo mahindi, maana hapa ndipo tulipo na hiki ndicho tunachokula.

Chukua punje moja uitazame. Nje kuna ganda, na ganda hilo ndilo lenye nyuzinyuzi. Chini, pale punje iliposhikana na gunzi, kuna kiinitete, kile kinachochipua ukipanda. Kidogo, lakini humo ndimo mna mafuta mazuri, sehemu kubwa ya madini, na vitamini ambazo mche mchanga ungezihitaji. Kinachobaki, ambacho ndicho kingi, ni wanga mweupe. Sasa, kiwanda kikitaka unga mweupe, laini, unaoweza kukaa dukani miezi bila kuharibika, kinafanya nini? Kinakoboa ganda na kutoa kiinitete, kwa sababu yale mafuta ya kiinitete ndiyo yanayofanya unga upate harufu na uchungu ukikaa. Pumba na viinitete havitupwi, ndugu zangu. Vinauzwa kuwa chakula cha mifugo. Sisi tunakula wanga, ng'ombe anakula vitamini.

Je, kuna ushahidi kwamba kilichotolewa kina maana? Ninawapa kisa cha kuku.

Miaka ya 1880, kisiwani Java, ambako leo ni Indonesia, watu walikuwa wakifa kwa ugonjwa unaoitwa beriberi. Miguu inalegea, inavimba, moyo unachoka, mtu anakufa. Serikali ya Uholanzi, iliyokuwa ikitawala huko, ilituma madaktari watafute kijidudu kinachosababisha. Mmoja wao aliitwa Christiaan Eijkman. Alitafuta kijidudu hicho, hakukipata. Lakini siku moja kuku waliofugwa pale maabara walianza kuyumba na kuanguka, miguu imelegea kama ya wagonjwa wake. Akajaribu hiki, akajaribu kile. Kisha ghafla kuku wakapona wenyewe! Alipochunguza, akagundua kwamba kwa miezi kadhaa walikuwa wakilishwa makombo ya wali mweupe uliokobolewa, kutoka jikoni la hospitali ya jeshi. Halafu akaja mpishi mpya, akakataa kuwapa kuku wa kiraia wali wa wanajeshi. Kuku wakarudishiwa mchele wenye pumba yake, na wakasimama.

Mwenzake mmoja, Adolphe Vorderman, akaenda kutazama magereza ya kisiwa kile. Humo mlikuwa na maelfu kwa maelfu ya wafungwa. Walikokula mchele mweupe, beriberi ilikuwa tele. Walikokula mchele wenye pumba, ilikuwa adimu sana. Pumba ilikuwa na kitu, na kitu hicho baadaye tulikuja kukiita vitamini B1. Mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel. Watu walikuwa wakila na kushiba, na walikuwa wakifa kwa sababu ya kile kilichoachwa kinuni.

Nauliza tena: hiki chakula kimetolewa nini?

Nisiwadanganye, unga wa pakiti wa leo si mtupu. Tangu 2012 sheria ya Kenya inavitaka viwanda virutubishe unga wa mahindi na wa ngano, yaani virudishe baadhi ya vitamini na madini, kama chuma na zinki. Tazameni pakiti, mtaona alama. Ni sheria nzuri na naiunga mkono. Lakini kinachorudishwa ni sehemu tu. Nyuzinyuzi hazirudishwi.

Na nyuzinyuzi ni nini hata tuzililie? Hapa jirani, Uganda, aliishi daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyefika mwaka 1946 na kukaa karibu miaka 20. Yeye na mwenzake Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda, waliona jambo la ajabu. Magonjwa yaliyojaza wodi za Uingereza, kama vile kuziba choo, bawasiri, na saratani ya utumbo mpana, huku kwetu vijijini yalikuwa machache mno. Burkitt akaandikia hospitali za misheni kote Afrika akiuliza mnaona nini, watu wanakula nini. Hoja waliyoijenga ni kwamba nyanya zetu walikula chakula chenye pumba yake, maharagwe, mboga za majani, mihogo na mtama, na matumbo yao yalifanya kazi. Sayansi ya baadaye imeongeza maelezo: nyuzinyuzi hazisagiki tumboni, zinafika utumbo mpana zikiwa nzima, na huko bakteria wazuri wanazila na kutengeneza vitu vinavyolisha kuta za utumbo. Tena zinapunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Madaktari wale waliona hapa kwetu kitu ambacho sisi wenyewe sasa tunakitupa. Hilo linaniuma sana, nisiwafiche.

Kwa hiyo mkiweza, sageni mahindi yenu kwa kisiagi cha mtaani, ile poshomili, bila kukoboa. Changanyeni na wimbi au mtama. Kuon ya kal, yaani ugali wa wimbi, iliyopikwa na nyanya zetu haikuwa chakula cha umaskini: gramu 100 za wimbi zina kalsiamu karibu mara tatu ya kiasi hicho cha maziwa. Lakini mahindi yawe makavu! Hili nalisema kwa sauti kubwa. Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu ya aflatoksini ambayo hata upike vipi haiishi. Mwaka 2004, kule Ukambani, sumu hiyo iliua watu 125. Ukiona mahindi yamebadilika rangi au yananuka uvundo, usiyasage, na usimpe kuku pia, maana utaila katika yai. Na unga usiokobolewa sageni kidogo kidogo, wa wiki mbili tatu, kwa sababu ile ile niliyosema ya mafuta.

Sasa swali la pili. Kimeongezwa nini?

Hapa naweza kusema haraka kuhusu sukari na chumvi, kwa sababu mmeyasikia. Soda ya nusu lita ina karibu gramu 50 za sukari. Ni vijiko vya chai 12 hivi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na ni bora zaidi abaki kwenye 25. Chupa moja, siku imekwisha. Chumvi ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ikijumlishwa ile iliyo kwenye mkate, kwenye viungo vya pakiti na kwenye soseji. Mama akishamwaga chumvi kwenye mchuzi, halafu akatia na mchemraba wa viungo, halafu baba akaomba kichupa mezani kabla hajaonja, shinikizo la damu litatoka wapi kama si hapo?

Lakini kuna jambo zaidi ya sukari na chumvi, na kwa hilo nina kisa kipya zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, Marekani, mtafiti aitwaye Kevin Hall na wenzake waliwachukua watu wazima 20 wakakae ndani ya kituo cha utafiti kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vya kiwandani vilivyosindikwa sana. Wiki mbili nyingine walipewa vyakula vya kawaida: mboga, nyama, mayai, matunda, nafaka, vilivyopikwa palepale. Sikilizeni vizuri: sukari, mafuta, chumvi, nyuzinyuzi na kalori zilizowekwa mezani zilipimwa zilingane pande zote mbili. Nao waliambiwa, kuleni mpaka mtosheke.

Mnadhani ilikuwaje? Wakati wa vyakula vya kiwandani walikula kalori 500 zaidi kila siku. Mia tano! Na hawakulazimishwa na mtu. Walikula kwa kasi zaidi, na kwa wiki mbili waliongeza karibu kilo moja. Walipokula vyakula vya kawaida walipungua karibu kiasi hicho hicho. Watu ni wale wale. Njaa ni ile ile. Chakula cha kiwandani hakidai kutafunwa na kinashuka haraka, na mwili hauwahi kusema basi.

Kwa hiyo mtoto wako akimaliza pakiti ya krips na bado anasema ana njaa, usimwite mlafi. Chakula kile kimetengenezwa hivyo.

Na smokie je, zile soseji za mtaani? Najua nimegusa pabaya, maana kuna vijana wetu wanaojitafutia riziki na toroli ya smokie na kachumbari pale stendi, na siwatakii hasara. Ila ni wajibu wangu kusema. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba nyama zilizosindikwa, soseji, smokie, bekoni na jamaa zao, husababisha saratani ya utumbo mpana. Anayekula gramu 50 kila siku, hatari yake inaongezeka kwa asilimia 18 ukimlinganisha na asiyekula. Kila siku, nasema. Anayekula siku ya sherehe si huyo. Kijana wa smokie anaweza pia kuuza mayai ya kuchemsha na kachumbari ile ile, na wengi wameshaanza. Tuwanunulie mayai.

Nije kwenye swali la tatu, ambalo ndilo lililonitoa nyumbani leo. Kinaliwa pamoja na nini?

Zamani kidogo, majimbo ya kusini mwa Marekani yalipigwa na ugonjwa wa pelagra. Ngozi inachubuka pale jua linapopiga, tumbo linaharisha, akili inavurugika, na mwisho ni kifo. Maelfu kwa maelfu walikufa. Wote waliamini ni ugonjwa wa kuambukiza. Mwaka 1914 serikali ilimtuma daktari Joseph Goldberger akachunguze. Akaenda kwenye nyumba za mayatima na hospitali za wagonjwa wa akili, akagundua jambo ambalo wengine walikuwa wamelipita tu: watoto wanaugua, walezi hawaugui. Wagonjwa wanaugua, wauguzi hawaugui. Ni maambukizi gani haya yanayomjua mfanyakazi na kumruka?

Akatazama sahani. Yatima walikula unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na sharubati nzito ya miwa, asubuhi, mchana, jioni. Walezi walikula hayo na mengine. Basi katika nyumba mbili za mayatima mjini Jackson, Mississippi, aliongeza maziwa, mayai, maharagwe na nyama. Pelagra ikatoweka. Na bado watu walimkataa! Walisema anatukana kusini, anasema sisi ni maskini. Yeye, mkewe na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa mbele ya mashahidi kuonyesha kwamba haiambukizi, na hakuna aliyeugua. Alifariki mwaka 1929 kabla jibu kamili halijapatikana. Mwaka 1937 ndipo vitamini iliyokosekana, niasini, ilipotambuliwa.

Kwa nini nimewaletea kisa cha Mississippi hapa Nyalenda? Kwa sababu ni kisa cha mahindi. Niasini imo ndani ya mahindi, lakini imefungwa, mwili hauwezi kuifikia. Watu wa Mexico tangu kale wanachemsha mahindi na chokaa, na chokaa inaifungua. Sisi hatufanyi hivyo, na hatuna haja, mradi ugali usikae peke yake. Ugali na maharagwe, ugali na omena, yaani dagaa, ugali na mursik, yale maziwa ya kuchacha, ugali na dengu. Ugali ulio peke yake mbele ya mtoto, siku baada ya siku, unamshibisha huku akikosa. Mtoto anaweza kuwa na tumbo lililojaa na mwili wenye njaa. Mnalijua hilo, mmewaona watoto hao.

Nisikilizeni kwa habari ya omena, mama zangu wa Dunga. Huyu samaki mdogo tunayemdharau analiwa mzima, kichwa, mifupa na yote. Mifupa hiyo ni kalsiamu. Ndani mna protini, chuma, zinki, vitamini A na B12. Minofu ya mbuta, yaani sangara, inasafirishwa ng'ambo, sisi tunabaki na mgongo wazi, ile mifupa iliyotolewa minofu, hilo tumeshalizoea. Lakini je, mnajua kwamba sehemu kubwa ya omena anayevuliwa humu ziwani inageuzwa chakula cha kuku? Ng'ombe tumempa kiinitete cha mahindi, kuku tumempa omena, na mtoto tumempa biskuti. Ninawaomba, kabla omena hajapanda lori, mtoto wako awe amekula. Muanike juu ya wavu au turubai, si mchangani, na mtoto mchanga aliyefikisha miezi sita unaweza kumsagia akawa unga, kijiko kimoja ndani ya uji.

Sasa mboga. Na chai. Hapa nataka mnivumilie, maana mambo haya mawili yanaenda pamoja.

Kuna mama mjamzito aliyekuja kliniki, mtaani kwetu hapa hapa, damu yake iko chini. Nikamuuliza anakula nini. Akanitajia osuga, yaani mnavu, akeyo, yaani mgagani, maharagwe, ugali wa wimbi. Nikamuuliza dawa, akasema vidonge vya chuma anameza kila siku bila kukosa. Kila jibu lake lilikuwa jibu zuri. Basi damu inakwenda wapi? Nikamuuliza, unameza vidonge na nini? Akasema na chai. Na mlo wako je? Chai. Asubuhi chai, mchana mboga na chai, jioni ugali na chai.

Chuma kilicho ndani ya mboga na maharagwe si kama kile cha nyama. Mwili hukichukua kwa shida. Chai ina kitu kinachoitwa tanini, na tanini hukishika chuma hicho tumboni kikapita bila kuingia kwenye damu. Kikombe cha chai pamoja na mlo kinaweza kuondoa zaidi ya nusu ya chuma ambacho ungepata. Vitamini C hufanya kinyume chake: hukifungulia chuma mlango. Basi yule mama sikumbadilishia mboga. Nilimbadilishia saa ya chai. Chai yako kunywa, tena ni ya Nandi na Kericho, ni jasho la wenzetu, lakini inywe saa moja au zaidi baada ya chakula. Na chakula kikiisha, kula pera. Pera hili la kawaida, linalooza chini ya miti yetu, lina vitamini C karibu mara nne ya chungwa. Vidonge vyake aliendelea navyo, kwa maji. Alipojifungua damu yake ilikuwa imepanda, na mtoto yuko darasa la awali katika shule hii.

Akina mama, mmenisikia kuhusu pera? Tunanunua chungwa la kutoka mbali, pera linaliwa na ndege.

Kuhusu mboga za kienyeji, kuna mtu lazima nimtaje, maana ni wa huku kwetu magharibi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, alianza kuzitafiti tangu miaka ya 1990, wakati ambapo hata wasomi walizihesabu kuwa magugu. Mnavu, mgagani, mrenda, mito, kunde, mchicha. Alikusanya mbegu, akapima lishe yake, akawafundisha wakulima kuzipanda kwa mistari na kuziuza. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunuku tuzo ya sayansi ya Kwame Nkrumah. Leo osuga inauzwa supamaketi Nairobi. Kwa hiyo mtu akikupigia kelele za mbegu za chia, mwambie una mchicha nyuma ya nyumba. Chia si mbaya. Ila usiinyime nyumba pesa ya mayai ili ununue chia.

Lakini mboga hizo tunazipikaje? Wengi tunazichemsha muda mrefu, tunamwaga maji kwa sababu ya uchungu, tunatia magadi ili zilainike. Vitamini C imeyeyuka ndani ya maji uliyoyamwaga. Magadi yanaharibu vitamini C na B1, na yanakuongezea sodiamu. Fanya hivi: osha kwanza ndipo ukate, chemsha kwa maji kidogo, na uchungu uupunguze kwa kuchanganya, osuga na mchicha, akeyo na kunde, kama walivyofanya wazee. Kisha tia maziwa. Hapa nataka kuwasifu nyanya zetu kwa moyo wote. Walipika alot, mboga za majani, kwa maziwa na malai, siku mbili tatu, wakipasha na kuongeza. Rangi iliyo ndani ya majani hugeuka vitamini A mwilini, na haiwezi kuingia bila mafuta. Maziwa yale yalibeba mafuta. Usiogope kijiko cha mafuta kwenye mboga. Ogopa yale mafuta ya kukaangia chipsi yaliyotumika mara kumi hadi yakawa meusi.

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa navyo visisahaulike. Vile vyeupe ni vitamu, lakini vya rangi vina vitamini A, na wanasayansi wanne, akiwemo Robert Mwanga wa hapo Uganda, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya kurutubisha mazao, watatu wao kwa viazi hivyo hasa. Busia na Bungoma wanavipanda. Mbegu zinapatikana, waulizeni maafisa wa kilimo wa wadi.

Nimalizie na shule yetu, kwa sababu watoto wetu wanakula humu mlo mmoja kila siku ya wiki.

Nimezungumza na mpishi wa shule kabla ya mkutano. Githeri anapika vizuri. Naomba mambo matatu madogo. Maharagwe yalowekwe usiku kucha na maji ya kulowekea yamwagwe: yataiva haraka, kuni zitapungua, na madini yake yatafunguka kwa mwili. Siku mbili kwa wiki githeri iwe na mboga za majani, na kila darasa lipewe kitalu kimoja cha kunde na mchicha pale nyuma ya vyoo vya zamani, ambapo sasa hakuna kitu ila nyasi. Na uji wa asubuhi uwe wa wimbi uliochachushwa, kama nyuka ya nyumbani, badala ya unga mweupe na sukari. Kuchachusha nako hufungua chuma na zinki.

Na akina mama mnaouza getini, sikuja kuwafukuza. Mnasomesha watoto kwa biashara hiyo. Ninachoomba ni kwamba muhula ujao, kando ya krips na juisi za rangi, kila meza iwe na mapera, ndizi, njugu, na viazi vitamu vya kuchemsha. Wazazi nao wawape watoto shilingi zile zile wawaambie wanunue huko. Mama hawezi kuuza kisichonunuliwa. Mwenyekiti, naomba kamati ilijadili hili kabla shule hazijafungwa, na katibu aandike kwenye kumbukumbu kwamba mpishi, walimu na akina mama wa getini wawemo katika kikao hicho. Nimekwisha. Aliye na swali ainue mkono, nitaanza na walioketi nyuma.